Baharia wa Magwagwa

Momanyi Nyabuto alikuwa mpima ardhi mjini Kisii, na kilichomkosesha usingizi ni bendera kuukuu za manowari. Alizinunua kwa wachuuzi wa Mombasa na kwenye minada ya mtandaoni: bendera za sufu zilizoliwa na chumvi, na vibendera virefu vyembamba vilivyowahi kupepea juu ya milingoti. Zilijaza chumba kizima nyumbani kwake, nyingine ndani ya fremu za vioo, na mkewe Roselyne alikwisha kuchoka kulalamika.

Kila aliyeingia chumba kile alikuwa na swali moja: Mkisii na bahari, wapi na wapi? Siku moja, ili kumnyamazisha mgeni aliyekuwa akicheka, Momanyi alijibu kwamba baba yake alikuwa baharia wa jeshi la majini miaka ya sitini. Mgeni akaacha kucheka. Uongo ule ukamkaa vizuri, akaurudia kwa huyu na yule, mwisho akauandika kwenye barua pepe aliyompelekea Cynthia, mwanamke wa Nairobi aliyekuwa akiandaa maonyesho ya vitu vya kale.

Baba yake, Mzee Nyabuto, alikuwa mkulima wa majani chai kule Magwagwa na mzee wa kanisa la Sabato. Bahari hakuwahi kuiona hata siku moja.

Cynthia alikuja Alhamisi kuchagua bendera. Alipomwulizia mzee, Momanyi alisema anaumwa na hapokei wageni. Hata chai haijapoa, mlango ukabishwa, na Mzee Nyabuto akaingia na mkungu wa ndizi begani.

"Nimekuja mjini kuchukua miwani," alisema. "Nikaona nisipite hivi hivi."

Cynthia aliinuka akampa mikono miwili. "Habari yako, mzee. Nashukuru kukuona umepata nafuu. Nimesoma habari zako. Ulikuwa kwenye manowari gani?"

Mzee aliutua mkungu. Mezani kulikuwa na kadi kando ya kibendera kirefu kuliko vyote. Akaisoma polepole, midomo ikimcheza: Mali ya baharia Nyabuto. Akamtazama mwanawe. Momanyi alitazama sakafu.

"Hayo ni ya zamani, mama," mzee alisema. "Kichwa kimechoka. Nimesahau."

Huyu ndiye mtu aliyesoma Zaburi kwa moyo bila kufungua kitabu, aliyejua kila mche wa chai ulipandwa mwaka gani. Cynthia akamwinamia kwa huruma, akapaza sauti kama anayesema na mtoto mdogo.

"Si neno, baba. Keti hapa. Leo ni siku gani, unakumbuka?"

Mzee aliketi. "Sijui," alisema.

Roselyne akatoka kwenda jikoni. Momanyi alisimama na chupa ya chai mkononi, uso umemwiva kwa aibu.

Cynthia alipoondoka na bendera saba, Momanyi alingoja kukaripiwa na baba yake. Mzee alichukua kofia yake.

"Ungeniambia mapema," alisema, "ningejifunza jina la meli moja."

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya Meza ya Bwana kule Magwagwa, inayoandaliwa mara moja kila miezi mitatu. Momanyi alifika na kumkuta baba yake kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Mahali pake mbele, kati ya wazee wa kanisa, palikuwa wazi, na watu walikuwa wakigeuka kumtazama. Mkate ulipomfikia, aliupisha kwa jirani bila kuugusa.

Momanyi akatoka hadi kwenye ua, akampigia Cynthia simu.

"Baba yangu hakuwa baharia," alisema. "Ni mkulima wa majani chai. Na hasahau kitu. Alisema vile kunisitiri mimi."

"Nilimwuliza siku kama mtoto," Cynthia alisema. "Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama."

"Bendera nitazirudisha Jumatatu. Nipe nambari ya mzee. Nataka kumwomba radhi mwenyewe."

Aliporudi ndani alimnong'oneza baba yake alichofanya. Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Vizuri. Lakini uongo nilioutamka mimi ulitoka kinywani mwangu, si mwako. Nitakaa hapa mpaka Meza ijayo."

Akakaa hapo Sabato kumi na tatu. Momanyi alipanda kutoka mjini kila wiki, akaketi kando yake. Ibada ikiisha, Kwamboka, kiongozi wa akina mama, alikuja kumwuliza mzee kama anaumwa, naye alijibu tu kwamba ni mzima. Sabato ya kwanza Momanyi alijifanya anatafuta funguo za gari. Ya pili alifungua kinywa, akakifunga. Ni ya tatu ndipo alipoweza kumweleza yule mama, mbele ya waliokuwapo, kwamba mwenye kosa ni yeye na si baba yake.