Maji ya Matanga

Kaktasi ya mama haikufa kwa huzuni. Nasema hivi mapema kwa sababu mtaani kwetu bado wako wanaosimulia hivyo.

Kwetu, katika milima ya Puebla, mwenye nyumba akifa mimea yake hupewa habari. Unasimama mbele ya mmea, unauambia kwamba fulani ametutoka, kisha unaumwagia maji kidogo ili usimfuate. Mama yangu, Herlinda, alipofariki, kila aliyekuja kusali rozari katika siku tisa za matanga alipita kwanza barazani, akaongea na kaktasi iliyoning'inia kwenye debe chini ya paa, akaimwagia kikombe. Mama alipendwa. Watu walikuwa wengi sana.

Kaktasi ile aliitengeneza baba. Kabla sijazaliwa, alichukua unyoya wa kuku, akaupaka chavua ya kaktasi tunayoiita mkia wa panya, akaigusisha kwenye ua la kaktasi nyingine ya mashina mapana kama majani. Akapanda mbegu, na katika miche iliyoota mama akachagua mmoja. Mashina yake yalishuka kutoka kwenye debe kama nywele ndefu, na kila mwaka kuelekea Pasaka yalijaa maua makubwa mekundu, mpaka wapita njia wakasimama. Chotara wa namna hiyo hana pacha. Ukipanda mbegu yake unapata kitu kingine.

Niliporudi kumwona baba, wiki chache baada ya matanga, nilimkuta barazani ameketi chini ya debe. Sahani ya maharagwe ilikuwa miguuni pake, imepoa, haijaguswa. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Jirani yetu, Bibi Crescencia, alikuwa pale na kikombe mkononi.

"Unaiona, Nelida?" baba alisema. "Inamfuata mama yako. Ikimaliza kwenda, na mimi naenda."

"Mwache baba yako," Bibi Crescencia akanong'ona. "Hata marehemu mume wangu aliondoka na mlimao wake."

Nilipanda kwenye kiti nikachomeka kidole kwenye udongo. Ulikuwa matope. Mashina yalikuwa yamelainika pale yanapotokea, na yalinuka.

"Baba, huzuni hainuki hivi. Hii imeoza. Imenyweshwa mpaka ikazama."

"Usiwaseme majirani."

"Siwasemi majirani. Nasema maji."

"Ee, mtaalamu kaongea!" Bibi Crescencia alisema. "Diploma ya kilimo imeingia nyumbani, sisi wengine tuvue viatu."

"Viatu usivue, Bibi. Kikombe tu ukiweke chini."

Niliteremsha debe. Nilisafisha kisu kwa spiriti na kuanza kukata, na hapo ndipo baba alipoinuka.

"Nelida! Mama yako hajakaa vizuri kaburini, na wewe unamkata nywele?"

Sikusimama. Kila shina nililikata kuanzia penye udongo, kipande baada ya kipande, nikitazama katikati. Likiwa na doa la kahawia moyoni, nasogea mbele zaidi. Mengi yalikuwa na doa hadi nchani. Mmea uliokuwa unafunika nusu ya baraza ulinipa vipande vya kujaa mkono mmoja tu. Nilivitandaza juu ya gazeti kwenye kitanda cha mama, kwa sababu chumba kile ndicho kikavu kuliko vyote na jua haliingii.

Baba alisimama mlangoni akavitazama.

"Vipe maji basi. Vimetoka kukatwa."

"Hapana. Vidonda vikauke kwanza, wiki nzima au zaidi. Kisha vinaingia kwenye mchanga mkavu, na maji ni baadaye sana."

"Na vikifa?"

"Vikifa, vimekufa. Siwezi kukuahidi mmea, baba. Lakini sitakuzika kwa sababu ya debe."

Bibi Crescencia alishika mdomo.

Jioni ilinibidi niondoke. Nina watoto, nina kazi. Nikamwambia baba ukweli ulivyo: nikishafika njia panda, majirani wataingia na vikombe chini ya shali zao, kwa mapenzi mema, na vile vipande vitaoza kama vingine.

"Kwa hiyo mtu akae mlangoni," nikamwambia.

"Mimi ni mgonjwa."

"Unaumwa nini?"

Alijipapasa kifua, kisha tumbo.

"Sawa," nikasema. "Ufunguo wa chumba nampa Bibi Crescencia."

"Crescencia?" Alinyoosha mkono. "Lete hapa."

Siku chache baadaye Bibi Crescencia alinipigia simu, amekasirika.

"Baba yako ameniaibisha! Nimekwenda kumwombea marehemu kwenye chumba chake, amenifukuza. Kaweka kiti mlangoni, kutwa yupo hapo. Hata chakula anakula hapo hapo, sahani juu ya magoti."

"Anakula?"

"Anafuta sahani kwa chapati ya mahindi! Na mimi ndiye niliyempikia, asiye na shukrani."

Nilimshukuru kwa niaba yake, nikakata simu, nikawaita watoto waje kula.

Pasaka ilipita bila ua. Niliporudi, vipande vingine vilikuwa vimenyauka na baba alikuwa amevitupa mwenyewe. Vilivyobaki alivichomeka kwenye kopo la mchanga. Vilikuwa vimekunjamana, vibaya kuvitazama. Nilivuta kimoja polepole. Kikang'ang'ania.

"Hiki kimeshika," nikasema.

"Kitatoa maua lini?"

"Miaka mitatu. Pengine minne."

"Nitakuwa mzee sana."

"Umeshakuwa mzee sana."

Alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Sikumnyamazisha. Nilikwenda ghalani, nikapata debe tupu la mafuta ya nguruwe, nikalipindua sakafuni mbele yake na kuanza kulitoboa kitako kwa msumari na nyundo, ili maji yapate pa kutokea.

Alijifuta uso kwa kiganja, akainama kutazama.

"Matundu hayatoshi," alisema. "Toboa mengine."