Disketi za Opala

Kabla Kadidja hajaanza kazi katika kituo cha takwimu za afya pale Makiso, mjini Kisangani, hakuna programu mpya iliyofika Opala bila Papa Benoît, fundi wa kituo hicho. Hospitali ya Opala ilikuwa na kompyuta ya Unix, zawadi ya wafadhili, ndugu wa ile mashine ya kituo, na humo waliandika watoto waliochanjwa na wagonjwa wa malale. Kila programu ilipobadilishwa, fundi huyo alifunga disketi zake kwenye plastiki, akapewa ordre de mission, ile karatasi ya ruhusa ya safari, akapanda pirogi ya moteri, mtumbwi wa injini wa kituo. Aliteremka na mto hadi Isangi, kisha akaupanda mto Lomami. Akifika alikaa mbele ya ekrani ya mashine kutwa nzima, akinakili mafaili na kuliweka kila moja mahali pake, kwa amri ndefu ambazo nukta moja ikikosewa, kazi inaanza upya.

Kadidja alikuwa binti wa mshona nguo wa Kisangani, amerudi kutoka masomoni Kinshasa. Alimpenda Papa Benoît, aliyempokea vizuri na kumfundisha mengi, lakini safari zile hakuzielewa.

"Papa, kwa nini mutu asafiri mbali vile kwa kazi ambayo mashine inaweza kujifanyia?"

"Juu ni vile tunafanyaka," alijibu, akaendelea kufuta vumbi kwenye kibodi.

Basi Kadidja akaandika programu ndogo, akaiita Weka. Mtu anatia disketi ya kwanza, anaandika neno hilo tu, na mashine inamuuliza kwa Kiswahili: hospitali yako ni ipi, printa yako ni ya namna gani. Kisha inapanga mafaili yenyewe, inaomba disketi inayofuata, na mwisho inasema kazi imekwisha. Papa Benoît alimsaidia kuijaribu, na ilipokwama alikaa naye kutafuta kosa. Siku ilipokubali, ofisi nzima ilipiga makofi.

"Iko muzuri, binti yangu," alisema. Kisha akatoka nje kuvuta sigara.

Disketi zikapelekwa Opala na mfanyabiashara wa mchele. Muuguzi Germaine, ambaye hajawahi kugusa mashine isipokuwa kuandika majina ya wagonjwa, alizitia mwenyewe. Alipoita kwenye fonia, ile redio ya kuongea na hospitali za mbali, alikuwa akicheka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Tangu siku hiyo mkurugenzi wa kituo hakutia tena sahihi kwenye safari ya Opala.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Kadidja ndiye aliyekuwa kwenye fonia.

"Papa Benoît atakuja lini?" Germaine aliuliza. "Mama yake, Mama Élise, amelazwa hapa kwetu. Amekonda sana. Anamuuliza kila siku."

Kadidja alikuwa akishiriki chumba kimoja cha kazi na Papa Benoît, na hakujua kwamba mama yake yuko hai, wala kwamba anakaa Opala.

"Yeye anajua?"

"Nilimwambia. Aliomba mission, mkurugenzi akakataa. Eti sasa huku hakuna kazi ya fundi. Zamani alikuwa anamuonaka mama wakati wa zile disketi, donc sasa afanye je? Mishahara yenu haitoki, nani atamulipia safari?"

Kadidja alikata fonia, akabaki ameshika kile kipaza sauti. Programu mpya ilikuwa karibu kwisha. Akaamua kwamba mara hii atasema fundi lazima aende. Wala haungekuwa uongo, kwa maana Opala walikuwa wamebadilishiwa printa, na ile mpya hakuna aliyeijaribu.

Lakini siku ya kuonyesha programu, walikuja wageni kutoka Kinshasa, wakubwa wa wizara pamoja na mfadhili mmoja mwenye kamera. Mkurugenzi alimsimamisha Kadidja mbele yao.

"Citoyenne Kadidja, waambie hawa wakubwa. Ili hii ifike hospitali za ndani, kuna haja ya kutuma fundi?"

Papa Benoît alikuwa ameketi karibu na dirisha. Akainua macho.

Mfadhili alikuwa ameshaelekeza kamera. Wote walikuwa wakimtazama Kadidja, msichana aliyefanya jambo ambalo Kinshasa hawakulifanya, na joto la fahari likampanda hadi usoni.

"Hapana," alisema. "Hata asiyejua kitu ataiweka mwenyewe."

Wakacheka, wakapiga makofi. Alipogeuka kutazama dirishani, Papa Benoît alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu.

Kesho yake Kadidja aliingia kwa mkurugenzi, akaeleza habari ya printa, akaeleza na habari ya Mama Élise. Mkurugenzi alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Ungesema jana," alilalamika, lakini akatia sahihi. Wakaanza kutafuta mafuta ya moteri, ambayo mjini hayakuwapo. Walipoyapata, Germaine alikuwa ameshaita: Mama Élise amefariki, na wamemzika.

Matanga yalifanyika nyumbani kwa Papa Benoît. Kadidja alikaa na wanawake kwenye mkeka mpaka watu wakapungua, kisha akamsogelea.

"Papa, nilikuwa najua. Kabla ya siku ile ya wageni, Germaine aliniambia."

"Germaine aliniambia ya kuwa amekuambia." Sauti yake haikuwa na hasira. "Nilikuwa nangojea useme."

Mke wa Papa Benoît akamletea Kadidja chai, naye akaishika mpaka ikapoa.

Mwaka uliofuata hospitali moja ya Yahuma nayo ilipata mashine. Kadidja alimwambia mkurugenzi kwamba mara ya kwanza ni afadhali mtu aende, awaone watu wa huko, awafundishe polepole.

"Wewe tena ndiye unasema hivyo?" Mkurugenzi alishangaa kwelikweli. "Alors, Germaine wa Opala aliweza peke yake!"

Disketi zikaondoka na kamio, lori la wamisionari. Papa Benoît ndiye aliyezifunga kwenye plastiki, akakaza kamba vizuri, akamkabidhi dereva, akarudi kwenye kiti chake.

Kadidja alikuwa mezani kwake. Akaanza kufuta vumbi kwenye kibodi.