Matokeo kwa Eneo Ulipo

Mgeni aliingia bila kubisha, akakaa kwenye benchi la mapokezi ya kituo cha redio, mjini Bariadi, na kuibana fimbo yake ya kuchungia katikati ya magoti. Ilikuwa imebaki saa moja Nyanjige aingie hewani.

"Mwangaluka," alisalimia mgeni kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Wewe ndiye yule binti wa mashairi?"

"Ndiye mimi."

"Nyanjige wa nani?"

"Wa Ngassa. Kwetu Kalemela, ziwani."

"Ah, wala samaki!" Alicheka kidogo, kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyezima redio. "Mimi Maduhu, natoka Sapiwi. Jumamosi iliyopita ulisoma shairi la mwanangu."

Nyanjige aliweka kikombe cha chai mezani taratibu. Shairi lile halikuwa na jina la mwandishi. Lilimfikia kwa WhatsApp kutoka namba asiyoijua, na mwenye namba alieleza namna alivyolitunga: aliandika swali kwenye simu, akachukua vipande vya maneno yaliyoletwa na mtandao, akavipanga kimoja chini ya kingine. Hakuongeza neno lake hata moja. Nyanjige alimaliza shahada ya fasihi mwaka juzi, na bado aliamini kwamba shairi likisomwa vizuri linaweza kumgeuza mtu. Alililia shairi lile kabla hajalisoma redioni.

"Umejuaje kuwa ni la mwanao?"

"Lisome tena, nikuoneshe."

Alifungua simu akasoma:

*Sababu zinazomfanya ng'ombe ashindwe kusimama.*
*Ng'ombe wangu hasimami, nifanye nini?*
*Hakuna jibu lililochaguliwa.*
*Watu pia huuliza: je, ng'ombe hulia?*

"Hapo ulituambia ng'ombe ni mama," alisema Maduhu. "Ukasema mwandishi analilia mama yake. Binti, ng'ombe ni ng'ombe. Alilala zizini kwangu, akashindwa kunyanyuka. Binti yangu Kwandu akawa anazunguka na simu kutafuta mahali penye mtandao, ananiambia, baba subiri, kuna dawa naitafuta. Mimi nikaita wachinjaji. Ng'ombe alikuwa bado anatutazama. Na ni kweli alilia."

"Kwandu akaondoka kwa sababu hiyo?"

"Kwa sababu hiyo." Mzee aliigeuzageuza fimbo. "Sasa, lile shairi lake jingine ulilotuahidi leo. Linasema yuko wapi?"

Nyanjige alijibu kwamba hajalisoma vizuri, akaingia ndani na kufunga mlango. Chuoni walifundishwa kutazama neno lililowekwa mwanzo, na kujiuliza kwa nini ni hilo na si jingine. Mtu aliyepotelewa na mtoto huanza kuuliza kama ni mzima. Huyu alianza na mahali.

Alilifungua shairi la pili. Juu yake mwandishi alikuwa ameandika: "Hili lisome lote. Ukiona huwezi kulisoma lote, liache. Usikate mstari." Na chini ya maneno hayo lilikuwepo jibu la Nyanjige mwenyewe: "Naahidi."

*Namna ya kuzuia namba isikupigie.*
*Namna ya kujua kama umesamehe.*
*Je, ulimaanisha: kusahau?*
*Chumba cha kupanga, maji ndani.*
*Ukurasa unaoutafuta haupo.*
*Matokeo kwa eneo ulipo: Nyashimo.*

Wiki nzima alikuwa ameutafakari mstari ule wa mwisho. Alikuwa ameandaa maelezo mazuri: Nyashimo iko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, kwa hiyo ni mfano wa mtu asiyejua aelekee upande gani. Sasa aliutazama upya. Mistari mingine yote mtandao ungemwandikia mtu yeyote, popote alipo. Huu ulitaja mahali.

Alichukua simu yake, akaandika swali la ng'ombe asiyesimama, akashuka mpaka mwisho wa ukurasa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, simu ilimwandikia: *Matokeo kwa eneo ulipo: Bariadi.*

Mstari ule haukuwa mfano. Ni simu iliyokuwa imetaja mahali Kwandu alipokuwa amesimama akiuliza. Na Nyashimo si kubwa kiasi hicho. Mtu mwenye fimbo akishuka pale barabarani na kuulizia msichana mgeni aliyepanga chumba, ataoneshwa mlango kabla ya jioni.

Je, Kwandu aliuacha mstari ule kwa makusudi, ili mtu mmoja tu ajue alipo? Au alinakili ukurasa mpaka chini bila kuona? Shairi lilikubali yote mawili. Alimwandikia haraka: "Mstari wa mwisho unaonesha ulipo. Unajua? Nisome?" Ikatokea tiki moja ya kijivu, ujumbe haujafika, ikabaki hivyo hivyo.

Josia, meneja wa kituo, aliingia na karatasi ya matangazo. Nyanjige akamweleza.

"Sasa shida iko wapi? Ukate huo mstari. Nani atajua?"

"Mwandishi atajua."

"Mwandishi mwenyewe hana jina!"

"Nilimwahidi, bosi."

"Basi soma lote. Mzee wa watu ni baba yake, si fisi."

"Kuwa ni baba yake, kasema yeye tu."

Josia alivuta kiti. "Sikiliza, dada. Huku kwetu wimbo ukiimbwa, watu hawaulizi kama ni mzuri, wanauliza unamsema nani. Toka Jumatatu simu zinaingia. Kuna mtu Nyashimo anasema yule ng'ombe ni jirani yake! Mdhamini mwenye dawa za pamba amechukua kipindi kwa sababu ya shairi hili. Hajachukua ukimya. Usiposoma, Jumamosi ijayo muda huu ni wa kwaya. Na wewe utarudi Kalemela ukawasomee dagaa."

Hakuwa anatania. Nyanjige hakuwa na kazi nyingine, na kipindi kile alikihangaikia tangu atoke chuo.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Alikuwa Maduhu.

"Binti, nimesahau kukuuliza. Ni mzima?"

Lingekuwa swali lake la kwanza, Nyanjige angemwamini papo hapo. Sasa alimtazama usoni na hakujua kama anaona uchungu wa mzazi, au mzee aliyekwisha kuusoma uso wake yeye na kugundua kasoro ya swali la awali.

"Sijui, baba. Ila ukiwa na neno, niachie. Nitamfikishia kama ulivyolisema."

Maduhu alifikiri. "Mwambie ngozi ya yule ng'ombe sikuiuza."

Nyanjige akaandika hivyo hivyo mbele yake, hakuongeza wala kupunguza, akatuma. Tiki moja. Ya juu nayo ilikuwa bado moja.

Saa nne ikafika. Muziki wa kipindi ukapungua, taa nyekundu ikawaka. Nyuma ya kioo Josia alinyoosha vidole viwili na kuvifunga kama mkasi: kata.

Ingekuwa rahisi. Mistari mitano ingetosha, na hakuna msikilizaji ambaye angeona pengo.

"Wasikilizaji, habari za asubuhi," alisema. "Leo nilikuwa na shairi. Mwenye shairi aliniambia nilisome lote au niliache, nami nilimwahidi. Naliacha."

Akazima kipaza sauti. Josia akajishika kichwa, kisha akainama kwenye mitambo, na kwaya ikaanza kuimba katikati ya ubeti.

Nje ya dirisha, Maduhu alikuwa amesimama kando ya barabara, mavumbi ya lori la pamba yakimfunika, simu yenye redio ikiwa sikioni. Aliendelea kusikiliza. Nyanjige alivua vifaa vya masikioni, akavining'iniza kwenye msumari wake, akaenda kukusanya vitu vyake mezani.