Kifua cha Fundi Saa

Mume wangu ana moyo mzima. Nasema hili mwanzo kabisa ili asitokee mtu wa kumwonea huruma. Madaktari walimbandika nyaya kifuani mara tatu, wakampandisha kwenye mashine ya kukimbilia mpaka jasho likamtiririka kwenye nyusi, wakampaka mafuta baridi na kuutazama moyo wake ukidunda kwenye skrini kama watu wanaoangalia mpira. Majibu yakawa yale yale: hakuna tatizo. Mimi ningekuwa na moyo wa namna hiyo ningeshukuru na kunyamaza. Yeye alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake, akashika kifua na kusema bado kinabana.

"Kinabana vipi?"

"Kama mtu amekaza mkanda. Pumzi haishuki, mama watoto."

"Legeza mkanda, basi."

Ni fundi saa. Ameigeuza sebule yetu kuwa karakana: meza chini ya dirisha, taa ya shingo ndefu, visahani vya skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya tu huzioni tena. Wateja humletea saa za ukutani na za mkononi, naye huzisemesha kwa upole kama watoto wa jirani. Kutwa nzima amekaa. Sasa niambie, mtu aliyekaa anaipotezea wapi pumzi?

Mimi kazi yangu ni kusimama. Nakagua nguo kwenye kiwanda cha sare za shule, mtu wa mwisho kabla hazijafungashwa. Naligeuza shati nje ndani, navuta mshono, na nikiona kasoro naichora kwa chaki na kumrushia mshonaji mbele ya wenzake, maana nimeona aibu inawafundisha upesi. Wananiita Bi Kasoro. Wanadhani sijui. Najua, na jina nalipenda. Kwa miaka kumi na tisa hakuna shati lililopita mkononi mwangu likarudishwa na mteja. Nikifika nyumbani macho hayazimiki: sufuria imesuguliwa nusu, pazia limekaa upande, mume amepinda mgongo kama gunia lililoegemezwa. Namwambia. Nani mwingine atamwambia?

Wifi yangu alipiga simu kuuliza hali ya kaka yake.

"Kaka yako anadeka," nikamjibu. "Angekuwa mwanamke angesema ana mimba."

Alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaniuliza kama nampa nafasi ya kupumzika. Kupumzika! Mtu ambaye kazi yake nzito kuliko zote ni kukaza skrubu.

Daktari wa tatu alikuwa binti mdogo mwenye kalamu sikioni. Alimsikiliza mume wangu kwa subira ambayo mimi niliishiwa zamani, akasema, "Kwa mwezi mmoja, baba, kila kifua kikibana, andika ni saa ngapi." Kumwambia fundi saa aandike saa! Uso wa mume wangu uling'aa kama amepewa zawadi. Alitafuta daftari, akalipiga mistari kwa rula, akawa anaandika mpaka sekunde. Nilimwacha aandike. Nilikuwa na hamu na daftari lile kuliko yeye, kwa sababu kukagua ndiyo kazi yangu, na nilijua atajifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Siku moja kabla ya kurudi kliniki, yeye akiwa bafuni, nikalifungua. Haikunichukua dakika tano. Jumatatu, saa kumi na moja na dakika thelathini na nane jioni. Jumanne, thelathini na tisa. Jumatano, arobaini kamili. Hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Jumapili, ambayo nashinda nyumbani, saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa tisa. Na ile wiki niliyokwenda kumuuguza dada yangu? Kurasa tupu. Mistari imenyooka, hakuna hata neno.

Nilicheka peke yangu. Nimekunasa, mzee! Ugonjwa gani huo unaosubiri mwenye nyumba arudi? Nilipoondoka hakuwa na wa kumwigizia, akapona.

Kliniki nilikuwa wa kwanza kuketi. Nikaliweka daftari mezani, nikampitishia daktari kidole kwenye safu ile kama ninavyomwonyesha mshonaji mshono uliofumuka.

"Dakika zile zile kila siku," nikamwambia. "Nisipokuwepo, haumwi. Wewe umesoma, niambie huo ni ugonjwa gani."

Daktari akasoma. Akaenda kwenye ukurasa wa Jumapili, akarudi nyuma. Kisha akamwuliza mume wangu kwa sauti ya chini, "Baba, saa kumi na moja na dakika arobaini kunakuwa na nini?"

Mume wangu akatazama viatu vyake.

"Mjibu daktari," nikasema. Nikamjibia mwenyewe, kama kawaida yangu. "Hakuna kitu. Ni muda ninaoingia nyumbani. Ufunguo ukigusa kitasa tu, bwana anaanza kuhema."

Nilijisikia nikisema. Maneno yalikuwa yameshatoka, na hakuna aliyenisaidia kuyarudisha.

"Hajifanyi, mama," daktari akasema, wala hakunitazama kwa ubaya. "Moyo hauna shida, mapafu na damu tumepima pia. Lakini mtu akikaa na hofu muda mrefu, kifua kinakaza kweli na pumzi inakatika kweli. Naomba utupishe kidogo nizungumze naye."

Nikatolewa nje, mimi. Nilikaa kwenye benchi la korido, na kupitia mlango nilimsikia mume wangu akizungumza. Sikushika maneno, ila yalikuwa mengi, yakifuatana bila kusita. Nyumbani hunipa matatu kwa siku. Nilijaribu kukumbuka nimemtolea kasoro ngapi jana yake peke yake, nikafika kumi na moja hata chakula hakijapakuliwa, nikaacha. Shati nikilikataa linarudi kwenye mashine. Yeye nilikuwa namrudisha wapi? Nilijidharau pale kwenye benchi kuliko nilivyowahi kumdharau mshonaji yeyote, maana ushahidi niliubeba mwenyewe kwenye mkoba, tena kwa mbwembwe.

Kesho yake nilitoka kazini nimeshaamua. Nilipofika mlangoni sikuutoa ufunguo. Niligonga kwa vidole, taratibu, kwenye nyumba yangu mwenyewe, kama mteja aliyeleta saa.

"Karibu! Karibu sana, nakuja kukufungulia!"

Sauti ilikuwa nyepesi, ina kicheko ndani yake. Ilikuwa ya mume wangu, na sikuwa nimeisikia kwa miaka. Mtu yeyote wa barabarani huipata bure. Nilisikia kiti kikisogezwa, nikasikia hatua zake zikija haraka haraka, mtu mwenye pumzi zake zote.

Akafungua akitabasamu. Akaona ni mimi. Tabasamu likamwisha, mkono ukapanda kifuani, mabega yakaanza kuitafuta hewa.

Nilitafuta neno. Sikuwa na mengi ya kuchagua.

"Pole, baba watoto," nikamwambia.

Akarudi nyuma hatua moja. "Nimekosea wapi tena?" akauliza.