Nukta Nyeupe za Mzee Gichuru

Nasike alishuka kwenye lori lake akiwa amebana kipande cha boksi kwapani, kama mtu anayepeleka ushahidi kortini. Alikiweka chini mbele ya fundi wake, Waithera. Katikati palikuwa na doa jeusi, pana kama chapati.

"Hiyo ni ya usiku mmoja tu, Fundi," alisema. "Hii lori inanikojolea mlangoni kila siku. Majirani wameanza kuniuliza kama siku hizi nauza oili."

Waithera alicheka, lakini si kwa raha. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alibadilisha washa, ile pete ndogo ya bolti ya kumwagia oili. Mara ya pili akaweka gasketi mpya ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Na bado lori lilikuwa limerudi gereji pale Dandora tumbo likiwa limelowa vilevile. Mafundi wa ng'ambo ya barabara walishamwambia Nasike kwamba ni sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili nyuma ya injini, kwa hiyo gia boksi lazima ishuke, siku tatu bila lori. Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika, na Nasike kazi yake ni kuhamisha watu. Siku tatu hizo hakuwa nazo.

Nasike akapunguza sauti, akitupa jicho kule kwenye turubai ambako Mzee Gichuru, fundi mkongwe wa gereji, alikuwa akinywa uji, kikombe amekishika kwa mikono miwili. "Kama ni yule mzee alifunga vibaya, mimi nataka niambiwe. Mkono kuchoka si aibu. Lakini nisifichwe."

"Hakuna wa kukuficha, Mama. Niachie hadi mchana."

Alitaka muda huo, maana mwenye gereji, Odongo, alikuwa ameshatoa neno. Gari moja tu lirudi kwa sababu ya mkono wa mzee, alisema, na mzee ataenda nyumbani apumzike. Apumzike! Mtu aliyekaa kwenye injini miaka arobaini ukimwambia akapumzike, umemwambia akafe polepole.

Na Waithera angemwacha vipi? Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa amezunguka gereji zote za upande huu akiomba kazi, na kila mahali aliambiwa akawauzie mafundi chai. Gichuru peke yake ndiye aliyemtazama mikono, akamuuliza kama inaweza kupita nyuma ya alteneta. "Yangu imekuwa minene, haipiti tena," alimwambia. Basi ikawa hivyo. Alimfundisha kila kitu, na pamoja na kila kitu akamfundisha sheria ya gereji ile: ukikaza bolti, weka nukta yako ya rangi. Nukta ya Gichuru nyeupe. Ya Waithera nyekundu, rangi ya kucha aliyonunua kwa mchuuzi. Na aliyefunga ndiye anayefungua. Hakuna anayegusa nukta ya mwenzake mwenyewe asipokuwepo.

Waithera na Nasike waliinamisha kichwa cha lori mbele, injini ikabaki wazi. Waithera akaisugua kwa mafuta ya taa na brashi, akaiosha kwa sabuni ya unga, akaisuuza, akaifuta. Ilipokauka alichukua kopo la poda ya mtoto, akaipulizia injini yote, juu hadi chini, mpaka ikawa nyeupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha akawasha, akaiacha ingurume.

Oili haivujii pale unapoiona. Hilo pia alifundishwa na Gichuru. Inashuka, inasukumwa na upepo, inadondokea mbali na kwao. Anzia juu. Na yeye, fundi mzima, mara mbili alikuwa ameanzia chini. Sasa akiwa amesimama na kopo la poda mkononi alijua sababu, akaona haya. Huko juu kulikuwa na nukta nyeupe, na penye nukta nyeupe hakuwahi kupatilia shaka.

Baada ya dakika ishirini poda ilisema yenyewe. Mstari mweusi, mwembamba, ulianzia kwenye kona ya nyuma ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu kabisa, ukateremka nyuma ya injini hadi kwenye gia boksi. Sili ya nyuma ilikuwa imesingiziwa bure. Waithera akazima. Aligusa bolti ya pale konani, ikazunguka kwa vidole. Ya pili yake ilikuwa imekazwa kupita kiasi, na gasketi ilikuwa imejikunja, ukingo wake umechomoza.

Wiki tano nyuma Gichuru ndiye aliyefungua na kuifunga kava hiyo alipoziseti tapeti, vile vyuma vinavyogonga valvu chini yake, kwa sikio, na hadi leo injini ilikuwa ikiunguruma vizuri ajabu. Sikio halikuwa na kosa. Ni mkono.

Waithera aliangalia kwenye turubai. Mzee hakuwepo, labda ameenda msalani. Odongo alikuwa kwenye simu. Basi akachukua bisibisi akaanza kukwangua zile nukta nyeupe, moja baada ya nyingine. Angeweka nyekundu, angewaambia ni yeye aliyefunga, na mambo yangeisha. Alijua anachofanya ni wizi. Aliendelea tu.

Alipofika ya nne alisikia chasisi ikilalamika. Gichuru alikuwa anapanda, taratibu, mguu mmoja kisha mwingine. Hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono, akapitisha dole gumba juu ya bolti.

"Nukta zangu ziko wapi?"

Angeweza kumdanganya. "Nimezikwangua, Mzee."

"Mbona?"

"Odongo amesema gari moja likirudi..."

"Najua amesema nini. Nimezeeka, sijakuwa kiziwi."

"Basi acha aone ni mimi. Mimi nikikosea atanuna wiki moja, aache."

Gichuru aliketi juu ya chasisi. Mikono ilitetemeka magotini, na safari hii hakujaribu kuificha. "Waithera. Miaka arobaini nimeweka alama kwa kila kitu nimefunga. Zile zilishika ni zangu. Sasa hii moja imevuja, unataka iwe yako? Ukininyang'anya makosa yangu, na zile nzuri utakuwa umeninyang'anya."

Waithera alihisi machozi yakimjaa, akayaacha. "Sitaki uende, Mzee. Sijui kufanya kazi hapa bila wewe."

"Nani amesema naenda? Kwanza nishike mkono nishuke, kuna mama anataka kuambiwa ukweli."

Alimwendea Nasike, Waithera nyuma yake. Odongo alikuwa amemaliza simu, akasogea. Mzee hakuzunguka mbuyu. Alisema gasketi ilikunjika, alisema ni yeye aliyeifunga, alisema pole. Nasike alimtazama muda, kisha akatikisa kichwa.

"Kosa moja haliachi mke, Mzee. Na hizo tapeti ulizipanga poa. Bora nimeambiwa."

Odongo akakohoa. "Mzee, lakini si tuliongea?"

"Mliongea," Waithera akadakia, na hakujua ametoa wapi ujasiri. "Kuanzia leo tunafunga pamoja. Yeye masikio, mimi mikono. Ukimtoa, toa wawili."

Odongo aliwatazama wote wawili. Alijua vizuri ni nani aliyejaza kiwanja chake magari. Alijikuna shingo. "Na nukta ataweka nani?"

Waithera alikuwa ameshaenda kuchukua gasketi mpya, naye Odongo akarudi kwenye simu yake.

Walirudi juu. Waithera alifungua kava, mzee akiwa hapo hapo, kama sheria inavyotaka. Alipaka gasketi mpya grisi kidogo isihame, akailaza. Gichuru akaizungushia dole gumba pande zote, macho amefumba. "Hapa imepanda kidogo. Shusha. Hapo sawa." Kisha Waithera akakaza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, na kila bolti mzee alisikiliza spana akasema, "Tosha."

Waithera aliweka nukta zake nyekundu kwanza. Kisha Gichuru akaomba kopo lake la rangi. Brashi ilitetemeka. Nukta ya kwanza ilikwenda kando, ikaacha mkia mweupe juu ya kava. Waithera alimshikia kopo. Mkono hakumshika. Alingoja hadi mzee alipomaliza zote, na hakufuta hata mkia mmoja.

Kesho yake asubuhi Nasike alipitia gereji akiwa na vitanda vya watu mgongoni mwa lori, akielekea mtaa wa Fedha. Hakuzima injini. Alirusha kutoka dirishani boksi jipya lililolala chini ya lori usiku ule, akapiga honi, akaenda. Waithera aliligeuza upande huu na ule. Lilikuwa kavu. Alilitandika chini ya turubai, na Mzee Gichuru akalikalia akinywa uji wake.