Sema Kifua, Usiseme Moyo

Akina mama wenye sukari, nawaandikia mapema, kabla yaliyonipata hayajawapata.

Mimi ni Zilpah wa Rodi Kopany. Mzee wangu alifariki, watoto wakaenda mmoja mmoja. Wa mwisho ni Liz, anashona nguo kule Suna, Migori. Tangu aondoke nilikuwa nampigia simu na neno lilelile: "Liz, moyo unaniuma." Maana yake, njoo nyumbani. Alijua. Mara chache alikuja, mara nyingi alicheka.

Sasa siku hiyo ilikuwa ya soko, majirani wote wameenda. Nilikuwa namenya mihogo, saa tano hivi, nikasikia kifua kimelemewa kama nimewekewa gunia la mahindi mabichi. Si uchungu wa kupiga kelele. Jasho baridi likanitoka mpaka leso ikalowa. Nikasema, sukari imeshuka. Nikakoroga chai tamu, nikanywa. Jasho halikukauka. Taya likaanza kuniuma kama jino bovu, na upande huo sina hata jino moja.

Nikampigia mtoto.

"Liz nyathina, mtoto wangu, moyo unaniuma."

"Mama! Si tuliongea jana? Nitakuja Desemba, aki. Kula kitu, ulale kidogo. Niko na mteja."

Akakata.

Sikumpigia tena. Mama anayelia kila siku huona haya kulia mara mbili kwa siku moja. Nikachukua kadi yangu ya kliniki, nyuma yake kuna namba. Akashika nesi anaitwa Makori.

"Daktari, moyo unaniuma."

"Pole mama. Nani amekuudhi?"

"Hakuna. Ni hapa, kwa kifua. Kunabana."

"Uko na ugonjwa mwingine wowote?"

"Sina."

Kweli nilisema sina! Sukari nimekaa nayo miaka tisa, nimeizoea kama mpangaji asiyehama. Nani humhesabu huyo kuwa mgeni?

"Pengine ni gesi ya tumbo," akasema. "Lakini ngoja, mama. Hii namba ulitoa wapi?"

"Nyuma ya kadi ya sukari."

Nikasikia akimwita mtu wa gari la wagonjwa. Aliporudi, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama, kaa chini hapo ulipo. Usitembee. Mlango uko wazi? Niambie nyumba iko wapi."

Huyo hakukata simu. Aliniuliza habari za kuku, za mihogo, jina la kila mtoto, mpaka nikasikia gari la wagonjwa likiingia bomani. Nilikuwa sijaongea na mtu muda mrefu hivyo tangu matanga ya mzee.

Homa Bay daktari alinieleza kwamba mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Alisema mwenye sukari yuko karibu zaidi na ugonjwa huo kuliko wengine. Tena sukari ikikaa miaka mingi inaweza kufisha mishipa ya fahamu, moyo uwe unaangamia na wewe unasikia uzito tu. Kwa hivyo ukipiga simu, taja kifua na taja sukari, hata usipoulizwa.

Liz alifika jioni, uzi bado umeshika kwa sweta.

"Mama, kwani hukuweza kusema kifua?"

"Nilisema moyo."

"Moyo unasema kila wiki!"

Tukalia sote wawili. Alikaa siku nne, akarudi kazini.

Nitawaambia na hili, ingawa ni aibu. Jumapili iliyopita nyumba ilikuwa kimya, nikashika simu, na neno kifua likafika kwa ulimi. Nilijua nikilisema tu, Liz ataacha cherehani na kuja. Nikalimeza. Siku moja nitalihitaji.

"Liz," nikasema, "kifua kiko sawa. Ni upweke."

Hakucheka. Nilisikia cherehani ikisimama.

"Basi ongea, mama," akasema. "Kuku wanaendeleaje?"