Kitabu Kilichonyooshwa

"Nani alikwambia ukibane?"

"Na nani alinikataza? Jalada lilikuwa linaning'inia, kurasa za mwisho zinachomoka. Nimetia gundi, nimebana. Si ndiyo kazi yangu?"

"Kitabu cha nukta nundu, cha wasioona, Gundi! Kwenye presi!"

"Kitabu ni kitabu, Bi Miwani. Tena hiki kilikuwa kimevimba, hakifungi vizuri. Sasa tazama kilivyolala."

"Sitazami. Kiguse."

Gundi akacheka kidogo, akapitisha kidole kwenye ukurasa. Laini, kama shuka iliyopigwa pasi. Akafungua ukurasa mwingine. Laini. Akarukia wa mwisho, akasugua kwa kidole gumba. Cheko likamkauka mdomoni.

Alikuwa fundi wa vitabu pale maktaba, kijana aliyeacha shule mapema kwa sababu makalio yake hayakupatana na dawati. Kazi hii aliipenda, maana haikumtaka akae. Presi yake ilikuwa chuma kizito chenye usukani juu: unaweka kitabu katikati, unazungusha, unakaza, unakiacha hadi asubuhi. Kila kitabu kilichotiwa gundi kilipita humo. Na hiki kilipokataa kulala, jana jioni, aliongeza kukaza. Kikabonyea. Akaenda zake nyumbani anapiga mluzi.

"Siku vitabu hivi vilipoletwa nilianza kukueleza," alisema Bi Miwani, mkutubi wa watoto. "Kwamba vile vinundu ndiyo maandishi yenyewe, visiwekewe mzigo. Ukanikata kauli. 'Nishaelewa, mama, nishaelewa.'"

"Nilikuwa na haraka."

"Lini huna haraka wewe?"

"Basi tuagize kingine."

"Wapi? Hiki alikipiga mwalimu mmoja kwa mashine ya mkono, ukurasa kwa ukurasa. Siku hizi vidole vyake haviwezi hata kufunga kifungo. Hakuna kingine." Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Na leo Jumamosi. Anakuja."

Gundi hakuhitaji kuuliza nani. Anayekuja ni Chiriku, mtoto wa dada yake, msichana asiyeona tangu kuzaliwa na asiyenyamaza tangu alipojua kusema. Nyumbani anaambiwa kaa hapo usije ukajikwaa. Shuleni anashikwa mkono hata njia anazozijua. Ila Jumamosi, kwenye chumba cha watoto, kiti kikubwa ni chake, na watoto wenye macho yao mazima wanasukumana mkekani wapate kukaa karibu naye awasomee.

Alikuwa akiwasomea hadithi ya mbuzi aliyempeleka bwana wake mahakamani. Maneno ya hakimu aliyasoma kwa sauti nzito, ya mbuzi kwa sauti ya puani. Kitabu cha kawaida cha hadithi hiyo kilikuwepo rafuni, lakini hakuna aliyekigusa. Leo ndiyo hukumu. Na Chiriku aliapa hatatangulia kuisoma: "Nitajua pamoja nanyi, tusionane wajanja."

Ni yeye aliyelalamika wiki iliyopita kwamba kurasa za mwisho zinamtoka mkononi. Gundi akasikia, akasema moyoni, ngoja nimfanyie mwanangu jambo.

Fimbo ikasikika ikigonga kizingiti.

"Mjomba! Leo unanuka gundi kuliko siku zote. Umeioga?"

"Nimeinywa na chai," alijibu Gundi, na sauti haikuwa yake.

"Njoo usikilize basi. Leo ama mbuzi anashinda, ama anageuka mchuzi."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Bi Miwani alimkazia macho, akangoja. Lakini yule mtoto alikuwa anacheka, na Gundi, mtu asiyejua kuficha neno, akashindwa na hili moja. Chiriku akakichukua kitabu mezani mwenyewe, akapapasa jalada.

"Ee! Kimekuwa chembamba. Nani amekikondesha?"

Akapanda kitini, akafungua, akaweka vidole. Vikaenda mwanzo wa mstari hadi mwisho. Vikarudi. Akageuza ukurasa. Akajaribu kwa ncha ya kucha, polepole.

"Soma, bwana!" mmoja mkekani akadai.

"Kasahau kusoma!" mwingine akachomekea, wakaangua kicheko.

"Sijasahau." Aliinua uso. "Bi Miwani, kitabu hiki kimenyamaza."

"Ni mimi," Gundi alisema kutoka mlangoni. "Nilikuwa nakutengenezea. Nikakibana, nukta zikalala. Nisamehe, Chiriku. Sikujua."

Gundi hakungoja jibu. Akavamia rafu, akachomoa kitabu kile cha kawaida, akapiga magoti kando ya kiti. "Haina neno. Mimi nitasoma, wewe utafanya sauti. Sawa? Haya. 'Ha-ki-mu a-li... alipo... alipoi-nuka...'"

Watoto wakachekea viganjani. Siku nyingine Chiriku angekuwa wa kwanza kumtania. Safari hii hakucheka, wala hakumsahihisha.

"Mjomba."

"Nakuja, nakuja. 'Alipoinuka, wa-tu wo-te...'"

"Mjomba, jana jioni nilikuwa hapa hapa, namngoja mama anipitie. Ulipita na kitabu, nikasikia harufu ya gundi. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Nilitaka uje ukute kimeshapona."

"Najua."

Hakulisema kwa hasira. Laiti angefoka, Gundi angepata pa kushika, kufokewa alikuzoea. Chiriku alikifunga kile kitabu kilichonyooka, akamwekea mapajani, kikalala vizuri kabisa, kama alivyokitaka. Kisha akashuka, akakipapasa kiti, akakisukuma mpaka kikamgusa Gundi bega.

"Kaa. Wasomee wenzangu, wamengoja sana."

"Na wewe? Hutaki kujua mbuzi kafanywaje?"

"Nilitaka kujisomea."

Akaiokota fimbo, akageuka, akaenda zake, mkono mmoja ukipita juu ya migongo ya vitabu rafuni, kimoja baada ya kingine, hadi mlangoni.